Kasisi wa Shamba: Maisha ya George Herbert



Mwezi uliopita, baada ya Ibada ya Ushirika Mtakatifu, mama mmoja wa mtaa wetu alitusimamisha penye mlango wa kanisa akatuuliza swali. Alisema kwamba siku ya Jumapili hana shida ya kumwona Mungu, kwa kuwa kengele humwita, Kitabu cha Sala humwongoza, na padre yupo mbele yake. Lakini Jumatatu, naye akiwa shambani na jua la saa sita, au jikoni na moshi machoni, Mungu humpotea mpaka Jumapili nyingine. Je, kosa ni lake, au ndivyo ilivyo kwa watu wote? Hatukuwa na jibu la papo hapo. Sisi walimu wastaafu tumezoea maswali ambayo majibu yake yamo kitabuni, na hili halikuwamo. Tulilichukua nyumbani tukakaa nalo, na mwishowe tukaona kwamba badala ya kumpa yule mama hoja, afadhali tumsimulie habari za mtu.

Mtu huyo ni George Herbert, kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyefariki mwaka 1633. Wale waliosoma Kiingereza katika shule za zamani huenda wanamkumbuka kama mtunga mashairi, maana baadhi ya mashairi yake yamo katika vitabu vya nyimbo vya Kiingereza mpaka leo. Sisi tunamtaja hapa hasa kwa sababu alikuwa mwalimu wa watu wa mashamba, na kwa sababu alifika huko shambani baada ya kutamani sana kwenda mahali pengine.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1593 katika mji wa Montgomery, nchi ya Wales, karibu na mpaka wa Uingereza. Ukoo wake ulikuwa wa watu wakubwa, wenye ngome na vyeo. Baba yake, Richard Herbert, alifariki mwaka 1596, mtoto akiwa na miaka mitatu tu, na mjane wake, Magdalen, akaachiwa kazi ya kulea watoto kumi. Mama huyu angestahili kuandikiwa makala yake peke yake. Alihamia Oxford, kisha London, ili wanawe wapate kusoma, na nyumba yake ilijaa wageni wenye elimu. Mmoja wa rafiki zake alikuwa John Donne, mshairi aliyekuja kuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, ndiye aliyehubiri katika ibada ya kumkumbuka alipofariki mwaka 1627. Tumeona mara nyingi katika maisha ya watu wa Mungu kwamba ukifuatia mizizi utamkuta mama.

George alisoma shule ya Westminster, na mwaka 1609 akaingia Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuwa bado kijana wa miaka 16 alipomwandikia mama yake barua kuahidi kwamba kipawa chake cha ushairi, kidogo kama kilivyokuwa, atamwekea Mungu wakfu. Ahadi ya kijana ni jambo jepesi. Hii aliitimiza, lakini kwa njia ndefu yenye kona nyingi.

Maana elimu ilimpandisha haraka. Mwaka 1620 alichaguliwa kuwa Msemaji wa Chuo Kikuu, yaani mtu wa kuandika barua za chuo na kutoa hotuba kwa Kilatini mbele ya mfalme na wageni wakubwa. Mfalme James wa Kwanza alipendezwa naye. Waliotangulia katika cheo kile walikuwa wamefika mbali sana serikalini, naye alitazamia vivyo hivyo. Izaak Walton, aliyeandika maisha yake na kuyachapisha mwaka 1670, hafichi kwamba Herbert katika siku zile alipenda mavazi mazuri kupita kiasi na aliwaweka mbali watu wa chini yake. Ndugu yake Edward, aliyekuwa balozi nchini Ufaransa, aliandika kwamba hakukosa hasira. Tunafurahi kwamba mambo haya hayakufutwa. Watakatifu tunaosomewa wakiwa hawana doa hata moja hutukatisha tamaa badala ya kutujenga.

Mwaka 1624 akaingia Bungeni kwa ajili ya Montgomery. Ikawa kana kwamba mlango umeanza kufunguka. Kisha, katika mwaka huo na uliofuata, wakubwa wawili waliomfadhili wakafariki, na mwezi Machi 1625 mfalme mwenyewe akafariki. Mlango ukafungwa. Afya yake nayo, ambayo haikuwa nzuri tangu ujana, ikazidi kuharibika kwa homa za mara kwa mara. Akapokea ushemasi, lakini kwa miaka kadhaa hakuendelea hadi ukasisi. Alikaa kwa jamaa zake, nyumba hii na ile, mtu wa miaka thelathini na kitu, msomi kupita karibu wote wa rika lake, asiye na kazi maalumu ya kufanya. Miongoni mwa mashairi yake yako ya uchungu ya namna hii, ambamo analalamika kwamba hata mti una faida kuliko yeye, kwa kuwa ndege wangeweza kujenga kiota juu yake. Anayengoja hapo katikati, baada ya tumaini moja kufa na kabla ya jingine kuzaliwa, atamwelewa.

Katika kungoja huko alifanya jambo moja la mikono. Mwaka 1626 alipewa heshima ya ukanoni katika Kanisa Kuu la Lincoln, na pamoja nayo pato la kijiji kiitwacho Leighton Bromswold, ambako jengo la kanisa lilikuwa limebomoka hata watu hawakuweza kusali ndani yake. Angeweza kuchukua pato na kunyamaza, na wengi walifanya hivyo. Mama yake, kwa kumhurumia, alimshauri auache mzigo ule, kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu na mfuko wake mtupu. Alimwomba mama yake ruhusa ya kutokumtii katika hilo moja. Akakusanya fedha kwa marafiki na jamaa, na kanisa likasimama tena. Aliagiza mimbari ya kuhubiria na kizimba cha kusomea sala vijengwe kwa urefu ulio sawa, ili asiwepo mtu wa kudhani kwamba mahubiri ni makubwa kuliko sala au sala kuliko mahubiri. Vyote viwili vipo mpaka leo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha akili yake ilivyofanya kazi. Kwake seremala akipima mbao alikuwa tayari anafundisha.

Mwezi Machi 1629 alimwoa Jane Danvers, na mwaka uliofuata akapewa parokia ya Fugglestone pamoja na Bemerton, karibu na mji wa Salisbury. Kanisa la Bemerton, la Mtakatifu Andrea, ni dogo sana. Nyumba ya kasisi ilikuwa mbovu, ikabidi aijenge upya kwa fedha zake. Desturi ya kumwingiza kasisi kazini ilikuwa afungiwe kanisani peke yake apige kengele, kuwajulisha watu kwamba amepokea mtaa. Siku ile, 26 Aprili 1630, alikawia ndani. Rafiki yake mmoja akachungulia dirishani akamwona amelala kifudifudi mbele ya madhabahu. Mwezi Septemba mwaka huo akawekewa mikono ya ukasisi katika Kanisa Kuu la Salisbury. Msemaji wa Kilatini mbele ya mfalme sasa alikuwa padre wa wakulima na wachungaji wa kondoo, wengi wao wasiojua kusoma.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Herbert aliandika kitabu kidogo juu ya kazi ya kasisi wa shamba, kilichochapishwa mwaka 1652, miaka 19 baada ya kifo chake. Tulikisoma kwa mara ya kwanza tukiwa tumekwisha kufundisha katika chuo cha ualimu miaka mingi, na tulipofika ukurasa fulani tuliinuka kitini. Anasema kwamba kasisi yampasa ajue habari za kulima na kufuga, azitumie katika kufundisha, kwa kuwa watu huongozwa vizuri kuyafikia wasiyoyajua kwa njia ya yale wanayoyajua. Jamani! Kanuni hii tuliiandika ubaoni kila mwaka kwa ajili ya wanachuo: kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana. Tulidhani ni matunda ya wataalamu wa elimu wa karne zetu hizi. Kumbe kasisi wa shamba alikuwa nayo.

Naye hakuishia kwenye kanuni. Anaeleza jinsi ya kufundisha Katekisimo siku ya Jumapili alasiri. Anaona hatari kwamba watu wataikariri kama kasuku bila kuingia ndani ya maana, kwa hiyo anataka mwalimu ageuze mpangilio wa maswali, ayaulize kwa njia nyingine, mpaka mwanafunzi afikiri. Anaona pia kwamba katika mahubiri mtu aweza kusinzia au kusafiri kwa mawazo, lakini akiulizwa swali hana budi kuonekana alivyo. Kisha anatoa mfano. Kasisi aliuliza: mwanadamu akiwa katika hali mbaya hivi kwa sababu ya dhambi, afanye nini? Aliyeulizwa akakaa kimya. Kasisi hakumkaripia wala hakumpa jibu. Alimwuliza angefanya nini kama angekuwa ametumbukia shimoni. Mtu akajibu mara moja kwamba angetoka upesi awezavyo, hata akaona haya kwa kushindwa swali la kwanza. Ndipo akaulizwa kama angeweza kutoka peke yake au angehitaji mtu wa kumvuta, na huyo mtu ni nani. Hivyo mkulima asiyejua herufi akafika kwa Mwokozi kwa njia ya shimo alilokuwa akilipita kila siku akienda shambani.

Herbert anasema Maandiko Matakatifu yenyewe yanafanya hivyo yanapotaja jembe, shoka, pishi, chachu, na watoto wanaopiga filimbi na kucheza. Kwa maoni yake vitu vya kawaida vya nyumbani havikuumbwa vitutumikie kwa kazi ngumu tu. Vikioshwa na kutakaswa vyaweza kuwa taa za kutuonyesha mambo ya mbinguni.

Tuwaungamie jambo, wasomaji wetu. Mwaka mmoja, siku nyingi sasa, tulikwenda kijiji fulani kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lake lilikuwa mfano wa Mpanzi. Andalio la somo lilikuwa safi, mwandiko mzuri, na zana za kufundishia alizichora kwa rangi: mtu aliyevaa kofia pana akipanda ngano. Watoto walikuwa kimya kama maji mtungini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona ngano. Nyuma kabisa aliketi msichana aliyekuwa hakufika shuleni siku tatu. Mwanachuo alimsimamisha akamwuliza alikuwa wapi, naye akajibu kwa sauti ndogo kwamba alikuwa akiamia ndege katika mpunga wa bibi yake. Akakemewa kwa utoro, akaketi, na somo likaendelea mpaka mahali ambapo ndege wa angani walikuja wakazila zile mbegu njiani.

Yule mtoto alikuwa amekaa siku tatu ndani ya mfano wa Bwana wetu. Alijua ndege wanavyokuja, saa wanazokuja, na hasara wanayoleta. Katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyeujua mstari ule kuliko yeye, na hakuna aliyemwuliza. Mwanachuo hakuona. Nasi tuliokaa nyuma na fomu ya alama hatukuona vilevile. Tulimpa alama za juu kwa ajili ya zana zake. Ni miaka kadhaa baadaye, tulipokuwa tukisoma habari za lile shimo la Bemerton, ndipo sura ya msichana yule iliporudi mbele yetu. Leo ni mtu mzima, kama yu hai. Hatukumbuki hata jina lake.

Basi turudi kwa kasisi wetu. Alikuwa na desturi ya kuwatembelea watu nyumbani siku za kazi, alasiri, kwa makusudi, kwa kuwa Jumapili watu huja wamevaa vizuri na wamejipanga, lakini siku ya kazi utawakuta kama walivyo, wamezama katika shughuli zao. Anafundisha kwamba kasisi asidharau kuingia katika kibanda cha maskini kuliko wote, hata kama harufu yake haivumiliki, maana Mungu yumo humo na watu ambao Mungu aliwafia wamo humo. Nyumbani kwake alitaka vyombo viwe vya kawaida lakini vizima na safi. Bustani aliifanya kuwa duka la dawa, akiorodhesha majani ya kutibu vidonda na tumbo, na alitaka mke wa kasisi ajue kufunga jeraha. Hata methali alizikusanya. Mwaka 1640 kilichapishwa kitabu cha methali zaidi ya 1,000 za mataifa mengine alizozichagua. Tungependa kumwona akikaa barazani na wazee wetu kwa jioni moja tu.

Walton anasimulia habari mbili ambazo hatuwezi kuziacha. Kabla hajahamia Bemerton alikwenda kuitazama ile nyumba mbovu, na bibi kizee mmoja maskini akamjia na shida zake. Alipoanza kusema, hofu ya kuwa mbele ya mtu mkubwa ikamshika, pumzi ikamkatika. Herbert akamshika mkono, akamtuliza, akamwambia asiogope kwa kuwa atamsikiliza mpaka mwisho. Bibi akasema yote, akaenda zake amefarijika na ana fedha kidogo mkononi. Aliporudi kwa mkewe akamsimulia, na Jane kesho yake akaenda Salisbury akanunua mablanketi mawili akampelekea yule bibi kama salamu. Kumbukeni kwamba huyu ndiye aliyekuwa akiwaweka mbali watu wa chini huko Cambridge.

Habari ya pili ni ya farasi. Herbert alipenda sana muziki, na mara mbili kwa juma alikwenda kwa miguu Salisbury kusikiliza nyimbo katika Kanisa Kuu na kupiga vinanda pamoja na marafiki. Siku moja njiani akamkuta mtu maskini na farasi aliye dhoofu kuliko bwana wake, ameanguka chini ya mzigo. Herbert akavua joho lake la kikasisi, akasaidia kuushusha mzigo, kumwinua farasi, na kuupakia tena. Akampa yule mtu fedha za kujiburudisha yeye na farasi wake, akimwonya kwamba kama anajipenda amhurumie na mnyama. Alipofika mjini amechafuka, marafiki walishangaa, maana walimjua kuwa mtu nadhifu mno. Mmoja akaona amejishusha kwa kazi isiyomfaa. Akawajibu kwamba kumbukumbu ya jambo lile itakuwa muziki kwake usiku wa manane, na kwamba kama anawaombea wenye shida anapokuwa kanisani, yampasa atende kama aombavyo akiwa njiani. Kisha akawaambia watie vinanda sauti waanze.

Wataalamu wanatuambia Walton alipenda kuwatia nakshi watu aliowaandika, na kweli yeye hakuwapo njiani siku ile. Lakini alisimulia kitu kinachopatana na kila ukurasa wa kitabu cha Herbert mwenyewe. Tunaikubali habari hii.

Mashairi yake hayakuchapishwa alipokuwa hai. Ukiyafungua utakuta vichwa kama sakafu ya kanisa, madirisha, kufuli na ufunguo. Moja lahusu mpangaji wa shamba aliyeshindwa na masharti ya mkataba wake wa zamani, akaenda kumtafuta mwenye shamba ili apewe mpya. Anamtafuta mbinguni, anaambiwa ameshuka duniani. Anamtafuta penye majumba ya wakubwa, hamwoni, na mwisho anamkuta katikati ya wezi na wauaji, akifa, na kabla ya kukata roho anamkubalia ombi. Hiyo ndiyo Habari Njema nzima katika mistari 14, imesimuliwa kwa maneno ya kodi na mkataba ambayo kila mkulima aliyafahamu. Shairi jingine alilipa jina la ile dawa waliyoitafuta watu wa kale ili igeuze madini kuwa dhahabu. Ndani yake mtumishi anafagia chumba kwa ajili ya Mungu, na kufagia kule kunakuwa kazi safi isiyo na aibu.

Shairi hilo tulilifundisha mara nyingi, na tulilieleza vizuri. Kufagia kwenyewe tulikuwa hatukufanya. Tangu mwaka juzi mama watoto amepata kiharusi, hana nguvu upande wa kulia. Watoto wako mbali, wana kazi zao. Sisi tuliokuwa tukisoma masomo kanisani na kualikwa kuhubiri mitaa ya jirani, sasa asubuhi tunakoroga uji, tunafua shuka, tunafagia uvumba na kumgeuza mgonjwa ubavu. Tusiwadanganye. Miezi ya kwanza tulifanya yote hayo kwa moyo wa kununa, tukiona kwamba kazi yetu halisi inatungoja mahali pengine na kwamba Mungu amekosea hesabu. Siku moja uji uliungua kwa sababu tulikuwa tumeshika kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa cha Herbert. Mama watoto, ambaye maneno yalikuwa yameanza kumrudia, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue. Hatusemi kwamba tangu hapo tumekuwa watakatifu wa jikoni. Tunasema tu kwamba tunafagia, na mara nyingine, si kila siku, tunajua tunamfagilia nani.

Herbert hakukaa Bemerton hata miaka mitatu kamili. Asubuhi na jioni alikwenda kanisani na watu wa nyumba yake kusali Sala za kila siku, na Walton anasema kengele yake ilipolia wapo wakulima waliosimamisha plau shambani ili nao waombe pamoja naye kwa mbali, kisha wakaendelea na kulima. Yule mama aliyetuuliza swali tungependa alitazame hilo. Hawakuacha shamba kwenda kanisani. Walisimama walipokuwa, na wanyama wao mbele yao.

Kifua kikuu ndicho kilichommaliza. Alipokuwa hawezi tena kutoka, alisali nyumbani, na padre mwingine akamsaidia kanisani. Jumapili iliyotangulia kufa kwake aliinuka ghafla kitandani, akaomba aletewe kinanda chake, akakitia sauti, akaimba. Kabla ya hapo alikuwa amemkabidhi mgeni mmoja, Edmund Duncon, kitabu kidogo cha mashairi ampelekee Nicholas Ferrar, rafiki yake aliyeishi maisha ya sala na jamaa yake huko Little Gidding. Alimwagiza Ferrar akisome. Akiona chaweza kumfaa mtu yeyote maskini aliyevunjika moyo, akichapishe. Asipoona hivyo, akichome moto.

Alifariki tarehe 1 Machi 1633, akikaribia kutimiza miaka 40, akazikwa katika kanisa lake dogo la Bemerton, karibu na madhabahu. Ferrar alikisoma kile kitabu. Mwaka huo huo kikachapishwa Cambridge kwa jina la Hekalu, na Kanisa la Uingereza humkumbuka mwandishi wake kila tarehe 27 Februari. Yule mama tutamsomea habari hizi Jumapili ijayo penye mlango ule ule, kama mgonjwa wetu ataamka salama na tukipata mtu wa kukaa naye.